Skani ya Parkinson isitufanye tusahau mikono ya daktari

Mhariri, naandika kuhusu ripoti yenu ya skani ya ubongo kwa wanaotetemeka, ya kutafuta Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa. Mgonjwa anadungwa dawa yenye iodini 123 (iodini ya mionzi), kamera inapima ubongo umeivuta kiasi gani, picha nzuri inafanana na koma mbili, ya Parkinson inabaki nukta. Kuipima picha hiyo kwa namba kunasaidia pale jicho linapositasita, hilo sibishi.

Ila hata namba haziitofautishi vizuri Parkinson na magonjwa yanayofanana nayo, na iodini yenyewe inapungua nusu kila saa 13, ikikwama uwanja wa ndege wa Entebbe basi kwisha! Wizara ya Afya ianze kufundisha madaktari wa Arua na Mbarara kumkunja mzee kiwiko waone kama umekakamaa, kumwangalia anavyotembea, na levodopa, dawa ya Parkinson, isikosekane, kamera itafuata.