Flashi yako nimeiona

Tanga, Jumapili jioni

Somo yangu,

Salamu nyingi. Najua umeninunia, na haki unayo. Flashi uliyonipa siku ile msibani niliitia kwenye pochi nikaisahau, nikaja kuiona juzi natafuta funguo. Nikaipachika kwenye spika ya jikoni, nikakaa juu ya mbuzi kukuna nazi.

Ile bendi ya Konono Nº1 ilipoanza nilijua spika imepasuka, nikainuka na mikono yangu ya nazi kwenda kuizima. Kabla sijaifikia sikio likazoea, nikatambua kwamba ule mkwaruzo ndio muziki wenyewe. Kumbe ni likembe, ala ya vijiti vya chuma vya kupigwa kwa vidole gumba, nduguye ilimba ya Wagogo, waliyoifunga maikrofoni za kujitengenezea kwa sumaku za magari mabovu ili isikike katika makelele ya Kinshasa! Mama akatoka chumbani kuuliza nani anaoa. Nikamwambia ni Wakongo. "Hao sawa," akasema, akavuta kiti, kidole kikawa kinagonga ukingoni mpaka nazi ikaisha.

Sasa nalipa deni. Jirani yangu anakuja Mwanza wiki ijayo, nimempa flashi ileile. Nimeweka albamu tatu tu, maana tabia yako ya kurukaruka nyimbo naijua.

Anza na Hailu Mergia. Alikuwa mpiga kinanda wa bendi ya Walias pale Addis Ababa. Bendi ilikwenda Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, yeye akabaki hukohuko. Mwaka 1985 akarekodi kanda peke yake: kodiani, vinanda vya umeme na mashine ya kupiga ngoma, basi. Kodiani unaijua, tumekua nayo kwenye taarabu, lakini hii inaimba Kihabeshi, na ile mashine inatikatika chini yake kama saa ya ukutani. Kanda ikaja ikasahaulika, mwenyewe akawa dereva wa teksi Washington. Miaka mingi baadaye Mmarekani mmoja mpenda kanda za Afrika akaikuta Bahir Dar, akamsaka mwenyewe, ikatolewa upya 2013. Sasa sikia kilichonimaliza: kumbe kwenye buti ya teksi alikuwa anatembea na kinanda. Akishusha abiria, wakati anangoja mwingine, anakitoa anapiga mwenyewe ndani ya gari. Usiisikilize hii mchana, haipendezi. Ngoja watoto walale.

Ya pili ni ya Alice Coltrane, *Journey in Satchidananda*, ya 1971. Mumewe, John, yule wa saksafoni, aliagiza kinubi kikubwa, akafariki 1967 kabla hakijafika. Kikaja kumkuta mjane na watoto wanne. Mwanamke akakikalia akajifunza. Utasikia besi inaanza kuzunguka palepale, tambura ya Kihindi inavuma kama mzinga wa nyuki, halafu kinubi kinaingia kama mtu anamwaga shanga kwenye sinia. Watu huiweka kwenye fungu la jazi. Kwangu mimi inalevya kichwa kuliko rock zote za wavuta bangi wa enzi zile. Na wimbo wa mwisho una udi, uleule wa taarabu. Udi, somo! Nimeurudia mara tatu nikijiuliza mbona hakuna aliyetuambia.

Anayepuliza saksafoni humo ni Pharoah Sanders. Mshike jina, kwa sababu ya tatu ni yake, miaka 50 baadaye: *Promises*, ya 2021, pamoja na Floating Points, Mwingereza wa muziki wa kompyuta, na London Symphony Orchestra. Kinanda kinarudia noti chache zilezile karibu albamu nzima, dakika 46. Mama aliuliza kama redio imekwama. Mimi mwenyewe mara ya kwanza niliishia njiani nikaenda kuosha vyombo. Vumilia ufike sehemu ya nne. Hapo mzee anaweka saksafoni pembeni, anaguna kwa mdomo wake, kama bibi anayembembeleza mjukuu huku usingizi unamchukua yeye. Alikuwa anakaribia miaka 80. Mwaka uliofuata alifariki.

*Bitches Brew* ya Miles Davis uliyonisifia, nisamehe, imenishinda tena. Nitajaribu mwezi wa Ramadhani, labda njaa itasaidia. Na wale Wazambia wa bendi ya W.I.T.C.H. nimewabakiza makusudi: gitaa lao linakoroma, linataka spika ya maana, na hiyo yako naijua.

Flashi usiifute, picha za harusi ya mdogo wangu zimo. Ukiirudisha, niwekee ule wimbo wa bibi yako uliourekodi kwa simu akipepeta mchele. Uliniahidi tangu Desemba.

Wako,
Somo