Mwanangu, hayo ya marais wa Marekani usiyabebe tu kama yalivyo

Mwanangu Hamadi,

Salamu baba, huku Unguja sote wazima, bibi yako anakusalimu sana na anauliza kama hapo bwenini mnashiba. Zile picha za maswali ya chemsha bongo ulizonitumia wasap nimezisoma zote, na nimeona bora nikuandikie kwa urefu maana mkizikariri hivyo hivyo mtaumbuka mbele za watu. Mengi humo ni porojo, na kinachonikera ni kwamba ukweli wenyewe ni mtamu kuliko hizo porojo.

Haya, meno ya George Washington, eti yalikuwa ya mbao. Thubutu! Alipoapishwa 1789 alikuwa kabakiwa na jino moja tu la kwake kinywani, mengine yote ya bandia, na hayo ya bandia yalichongwa kwa meno ya kiboko yakachanganywa na meno ya ng'ombe na ya watu. Ndiyo, ya watu. Kwenye daftari lake la mahesabu la 1784 kuna malipo ya meno 9 yaliyonunuliwa kwa watumwa. Sasa mtu akikwambia mbao ujue kuna jambo limefunikwa hapo, si masihara tu.

Halafu Taft, yule bonge, rais wa 27. Eti alinasa kwenye sinki la kuogea mpaka wakaja watu kumchomoa. Ushahidi hakuna. Kilichopo ni picha ya sinki kubwa alilotengenezewa, wanaume wanne wamekaa ndani na nafasi bado ipo lol. Ila swali zuri la Taft ni hili: nani pekee aliyewahi kuwa rais wa Marekani na pia Jaji Mkuu? Ni yeye, ujaji kaupata 1921. Kaongoza mihimili miwili ya dola, dunia inamkumbuka kwa sinki, binadamu bwana.

Mtego mwingine, wakiuliza Marekani imeshakuwa na marais wangapi usikurupuke ukasema 47, maana Trump ni wa 45 na wa 47, na kabla yake Grover Cleveland alikuwa wa 22 na wa 24, kwa hiyo vichwa ni 45. Na ile S ya Harry S. Truman haina kirefu, ni S basi.

William Henry Harrison huyo ndo kiboko. Siku ya kuapishwa, Machi 1841, kaenda kusimama kwenye baridi bila koti anasoma hotuba ya karibu saa mbili nzima, maneno zaidi ya 8,000, na mwezi mmoja baadaye kafa. Watu wakasema baridi ile ndo imemuua, ila madaktari wa siku hizi wanashuku zaidi maji machafu ya Ikulu. Akaingia makamu wake, John Tyler, na hapa ndo utawamaliza wenzako: Tyler kazaliwa 1790, lakini mjukuu wake, nasema mjukuu wa kumzaa mwanawe si kitukuu, amefariki mwaka 2025! Piga hesabu mwenyewe, Tyler kampata mtoto 1853 akiwa na miaka 63, na mtoto naye kampata huyo mjukuu 1928 akiwa na miaka 75. Watoto wa Tyler jumla walikuwa 15, wake wawili, wa kwanza alifariki ndo akaoa tena binti mdogo. Babu yako hapa angecheka mpaka akohoe.

Theodore Roosevelt mtu wangu, ingawa nagombana naye. Mwaka 1902 kule Mississippi wenyeji wake walimfungia dubu kwenye mti ili ampige risasi, akakataa, akaona haifai kumpiga mnyama aliyefungwa, gazeti likachora katuni, muuza duka mmoja wa New York akatoa mwanasesere wa dubu akampa jina la Teddy, kifupi cha Theodore, ndo teddy bear hizo mpaka leo. Sawa. Aprili 1909 ametoka tu madarakani, huyooo anashuka Mombasa na mwanawe Kermit, wanapanda reli ya Uganda, na sehemu ya safari kakaa mbele kabisa ya injini aangalie wanyama vizuri, na mpaka safari inaisha wao wawili wameua wanyama 512! Simba 17, tembo 11, vifaru 20. Wengi walipelekwa makumbusho ya Smithsonian huko Washington, sayansi wanasema, haya sayansi, lakini vifaru 20 jamani? Mwaka 1912 naye kapigwa risasi Milwaukee akienda kuhutubia, karatasi za hotuba kurasa 50 zilizokunjwa mfukoni pamoja na kasha la miwani vikapunguza kasi ya risasi, na akapanda jukwaani akahutubia zaidi ya saa nzima damu inatoka. Risasi ile haikutolewa, kaondoka nayo duniani.

Sasa la kwetu, na hili nashangaa kwenye maswali yenu halipo. Mwaka 1840 Sayyid Said, sultani wetu wa wakati ule, alituma meli yake Sultana kutoka hapa Unguja mpaka New York, nahodha Ahmad bin Na'aman, imebeba karafuu, pembe, tende, kahawa, na zawadi za rais Martin Van Buren: farasi wawili wa Kiarabu, lulu, zulia, marashi ya mawaridi. Van Buren hakuweza kuzichukua maana katiba yao inamkataza kupokea zawadi ya mfalme wa nje bila ruhusa ya bunge, ikawa mjadala mrefu bungeni huko, mwisho zikapokelewa kwa jina la serikali na farasi wakauzwa. Wamarekani nao hawakukaa kimya, wakaikarabati Sultana yote ikarudi nyumbani mpya.

Swali liulizeni hivi: zawadi za Sayyid Said zilimfikia rais gani, na kwa nini hakuzichukua? Liwekeni mwisho, na msimpe mtu chaguo la a b c.

Mama yako