Kwa vijana mnaowashauri wenzenu waache dawa

Wajukuu zangu,

Nawaandikia nikiwa na hasira ambazo zimekataa kupoa. Hivi karibuni kijana wa jirani yangu, aliyekuwa akitibiwa sonona, aliitupa chooni bahasha yake ya amitriptilini, ile iliyoandikwa kwa kalamu "1x1 usiku", kwa sababu rafiki zake walimhakikishia kuwa habari za serotonini, ile kemikali ya ubongo ambayo upungufu wake husemwa kuleta sonona, ni uongo mtupu. Siku chache baadaye alikuwa anatapika, hali wala halali, akizunguka uani mpaka alfajiri, na marafiki wale wale wakasema kumbe dawa ndizo zilizomharibu.

Mlichokisoma si uzushi, ila mmekiishia nusu. Mwaka 2022 Joanna Moncrieff, daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza, na wenzake walipitia tafiti nyingi, wasipate ushahidi thabiti kwamba sonona husababishwa na upungufu wa serotonini. Wataalamu wengi walikwisha kuitilia shaka nadharia hiyo, kwani dawa hizi huanza kubadili kemia ya ubongo ndani ya saa chache, ilhali nafuu huchukua wiki kadhaa. Lakini maelezo ya dawa yakiwa na kasoro, haimaanishi kwamba dawa yenyewe haisaidii. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko Marekani, wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa iproniazidi, dawa ya kifua kikuu ambayo baadaye ilitumika kutibu sonona, walionekana kuchangamka kuliko ilivyotarajiwa. Dawa ilitangulia, nadharia ikafuata. Vidonge hivi havimfai kila mtu, na kwa sonona nyepesi faida yake ni ndogo, ila kwa sonona kali vimewainua wengi. Anayepata nafuu huendelea navyo miezi 6 au zaidi, kisha daktari humpunguzia dozi kidogo kidogo. Ninyi mlimpunguzia kijana yule kwa siku moja, tena bila kumwuliza alikuwa akimeza nini!

Tiba ya mazungumzo nayo ni tiba kamili, na wengi huhitaji zote mbili. Huko Harare, tangu mwaka 2006, Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, amewafunza kina bibi wa mitaani kukaa benchini na wagonjwa na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwa wagonjwa hao kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida.

Sisi wazee hatuna cha kujivunia. Tumewaambia wagonjwa wajikaze, tumewaita wavivu, na zahanati zetu nyingi zina dirisha la dawa lakini hazina chumba cha mtu kusema yaliyomkaa moyoni, basi si ajabu mkatafuta majibu kwenye simu.

Mwenzenu akiwaambia anameza vidonge, muulizeni analala vipi na tarehe yake ya kliniki ni lini, kisha mmoja wenu amsindikize. Akitamka kwamba amechoka kuishi, msimwache peke yake usiku huo. Mpelekeni hospitali, hata ikibidi mnigongee mlango kuomba nauli.

Bibi yenu