Salio linaliwa Namanga kabla ya kuvuka mpaka

Mhariri,

Nasafirisha vitunguu kutoka Mang'ola kwenda Nairobi. Pale Namanga, nikiwa bado kwenye foleni upande wetu, simu hudaka mnara wa Kenya. Mteja akinipigia, nakatwa mimi niliyepokea! Vijana wa bodaboda hunicheka: "Mama, chagua mtandao mwenyewe kwenye mipangilio, na uzime data ya nje." Nafanya hivyo, ila dereva wangu anayeshika usukani usiku atachezea simu saa ngapi?

Kenya, Uganda na Rwanda zilifutiana tozo ya kupokea simu mwaka 2014. Tanzania haikuwamo walipoanza. Wanaohusika watueleze sisi wa mpakani tumefikia wapi. Na hizo meseji za "Karibu Kenya" nikiwa Tanzania, jamani, wazipunguze.

Mama wa vitunguu,
Karatu