Waandishi chipukizi, malizeni hadithi kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na vijana wanaotamani kuandika riwaya. Nasimamia klabu ya uandishi hapa Muheza, na swali la kwanza huwa lilelile: tuzo inatoa shilingi ngapi? Muswada wenyewe haujafika hata sura ya tatu! Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alichapisha riwaya yake ya kwanza mwaka 1987. Tuzo ya Nobeli ya Fasihi ikaja 2021. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo aliandika huku akifundisha chuo kikuu. Binti mmoja wa klabuni, muuza machungwa, huandika nyuma ya daftari la mauzo kila mteja anapoondoka. Wahusika wake wakibishana bei, unawasikia kabisa. Huyo namwombea amalize. Wengine nawasihi, habari za tuzo zingoje.

Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga