Ndani ya taa ya njano mna kauri, si kioo

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu taa za barabarani nimeisoma mara mbili hapa kibarazani Mwanga, Kigoma, na mara zote mbili nimekwama pale mwandishi aliposema kwamba ndani ya zile taa za njano mna kibomba cha kioo. Naomba kusahihisha. Nimepanda nguzo miaka 27, na mezani hapa ninacho kibomba kimoja nilichokitoa kwenye globu iliyokufa. Ni cheupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Mwanga unapita, lakini huwezi kusomea gazeti kupitia humo. Ile ni kauri.

Kioo pale hakikai. Taa hizo za njano huwaka kwa mvuke wa sodiamu, na sodiamu ikishakuwa mvuke wa moto hukila kioo, hata kile kigumu cha kwazi (quartz) kilichomo kwenye taa za zebaki. Ilibidi lipatikane jambo jingine, na lilipatikana miaka ya 1950 kule Marekani, pale Robert Coble wa General Electric alipotia magnesia (oksidi ya magnesi) kidogo sana katika unga wa alumina (oksidi ya alumini) na kuuchoma ndani ya gesi ya hidrojeni, kwenye joto linalopita nyuzi 1700. Kauri ya kawaida huzuia mwanga kwa sababu imejaa vitundu vya hewa visivyoonekana kwa macho. Ile ya Coble vitundu vilitoka.

Sasa kibomba unacho. Umeme utauingizaje bila mvuke kutoka? Hapa ndipo ninapopapenda. Marehemu mama yangu alikuwa mfinyanzi kule Ujiji, na nilipokuwa mdogo nilichapwa kwa kubandika sikio bichi kwenye chungu kilichokwisha kukauka. Sikio linasinyaa, chungu hakisinyai, asubuhi unakuta ufa. Taa nayo ni hivyohivyo, ila yenyewe husinyaa na kutanuka kila siku, jioni ikiwashwa na alfajiri ikizimwa. Mita moja ya alumina ikiongezewa joto la nyuzi 1000 hurefuka kama milimita 8. Chuma cha kawaida hurefuka zaidi ya hapo sana, na kingeipasua kauri siku ya kwanza. Niobiamu, ambayo nayo ni metali, hurefuka karibu sawa na alumina, ndiyo maana utaikuta kwenye ncha za kila kibomba, kijivu, nyembamba.

Kauri hailainiki ukaibana kwa koleo kama kioo. Kwa hiyo kati ya niobiamu na kauri huwekwa pete ya mchanganyiko wenye chokaa na alumina, unaoyeyuka mapema kuliko alumina yenyewe. Pete ikiyeyuka inanyonywa ndani ya upenyo kama lehemu ya fundi bati, kisha inaganda. Kiungo chote ni hicho, na taa nzima inakitegemea.

Niobiamu nayo ina tabia yake: ikiwa ya moto haitaki hewa kabisa. Ndiyo sababu globu ya nje imetolewa hewa. Karibu na kitako kuna doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Hilo ni bariamu, metali ambayo kazi yake ni kunasa hewa iliyobaki. Ukiona doa limekuwa jeupe, globu imeingiza hewa. Itupe, usihangaike nayo.

Zile taa nyeupe za kauri, ambazo Philips walizitoa 1994, zina taabu zaidi, kwa kuwa chumvi zilizomo ndani huila niobiamu. Wakarefusha ncha zikawa nyembamba kama mrija wa kiko, wakapitisha metali nyingine, molibdenamu, upande wa ndani, na niobiamu ikawekwa mbali kule nje, sehemu yake inayoingia kwenye kauri ikafunikwa yote kwa lehemu ya kauri. Mrija mrefu, kiungo kinapoa. Sijawahi kuona akili kubwa namna ile katika kitu kidogo kuliko kidole changu cha mwisho.

Kwa nini nang'ang'ania neno moja? Kwa sababu makala yenu yanawalaumu wagawa umeme kwa taa inayowaka, inazima, inawaka tena usiku kucha. Mimi pia nililaumu. Kwenye uwanja mmoja wa mizigo kando ya ziwa, enzi za jenereta za dizeli, nilibadilisha balasti mbili (kifaa kinachodhibiti umeme wa taa) na ignaita moja (kile kinachoipiga taa iwake) kwenye nguzo ileile, na msimamizi akanikata posho kwa kuharibu vifaa. Kumbe balasti zote zilikuwa nzima. Taa ikizeeka, sodiamu hupungua kidogo kidogo, nyingine ikiingia kwenye kauri, nyingine ikipotelea kwenye kiungo, na ncha zinakuwa nyeusi. Volti za taa zinapanda hadi balasti inashindwa kuishikilia. Inazima, inapoa dakika moja au mbili, ignaita inaipiga tena, inawaka.

Basi mwandishi atazame nguzo za jirani. Zikizima zote pamoja, umeme umeyumba. Ikizima moja peke yake, ni globu. Fundi apime volti za taa ikiwa imewaka dakika 15, si wakati wa kuwasha, maana ignaita hutoa maelfu ya volti na itaua mita yake. Taa mpya ya wati 250 husoma kama volti 100. Niliyonyang'anyiwa posho kwa ajili yake ilisoma 150 dakika chache kabla ya kuzima.

Globu zenyewe msiwape watoto wa kuokota vyuma wakazipasua. Ndani mna zebaki, ingawa ni kidogo.

Kibomba changu nimekiweka kwenye kopo la maziwa. Mwandishi wenu akipita Mwanga, aje akishike.

Fundi umeme mstaafu,
Mwanga, Kigoma