Sayyida wa Rey

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na pole ya safari. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa kicheko, pale uliposema nikianza habari za wafalme wa Uajemi siachi mpaka chai ipoe. Basi kunywa kwanza. Umeuliza mbona siku hizi Qabus, yule mtawala wa Gorgan wa miaka elfu moja iliyopita, simtaji, nimemgeukia mwanamke wa Rey, mji wa kale karibu na Tehran ya leo. Lakini mwanamke huyo huwezi kumwelewa bila kupitia mlangoni kwa Qabus.

Sisi watu wa pwani tukisikia Uajemi, akili inakwenda Shiraz na zile jahazi saba za masimulizi ya Kilwa. Hawa wangu ni wa kaskazini: Gilan, Daylam, Tabaristan, Gorgan, kati ya milima ya Alborz na Bahari ya Kaspi, nchi ya mvua na mpunga. Na usiwaone watu wa kijijini. Hiyo Shiraz yenyewe waliitwaa wao mwaka 934, wana wa Buya kutoka Daylam, na mdogo wao akaingia Baghdad mwaka 945. Vushmgir, babake Qabus, naye inasimuliwa kwamba mjumbe wa kakaye alimkuta shambani anapanda mpunga, nguo matambara. Akaja kuwa mtawala wa Gorgan na Tabaristan, kisha nguruwe mwitu akamuua mawindoni mwaka 967.

Sasa wajukuu wa Buya wakagombana. Wawili wakamfukuza ndugu yao Fakhr al-Dawla, naye akakimbilia Gorgan kwa Qabus. Wakataka watolewe mtu wao. Qabus akakataa kumtoa mgeni wake. Mwaka 981 wakampiga, wakamnyang'anya nchi, akakaa uhamishoni Khurasan, mashariki ya Uajemi, miaka kumi na saba. Hao ndugu wakafa, Fakhr al-Dawla akarudi kutawala huko Rey, na Gorgan ikawa mikononi mwake. Unadhani alimrudishia mwenyeji wake? Hata! Qabus alisubiri mpaka huyo mgeni alipokufa mwaka 997, ndipo mwaka uliofuata akaipata nchi yake.

Na hapo Rey ndipo anapotokea mjane wa Fakhr al-Dawla, ambaye watu walimwita Sayyida tu. Alikuwa binti wa Wabavandi, watawala wa zamani wa milima ya Tabaristan. Mwanawe Majd al-Dawla alirithi kiti akiwa bado mtoto, mama akashika hatamu. Mtoto alipokua, akala njama na waziri wake amwondoe mama. Bibi akatoka Rey, akaenda kwa Badr bin Hasanwayh, mkuu wa Wakurdi, akarudi na jeshi, akamtia mwanawe kifungoni. Baadaye akamfungulia, akamrudisha kitini, lakini amri zikabaki kwake. Wapo wanaosema alimdumaza kijana. Mimi naona kijana alidumaa mwenyewe: alipenda vitabu na wanawake wa nyumba yake, na Ibn Sina, yule tabibu na mwanafalsafa, alipofika Rey alimtibu ugonjwa wa huzuni. (Ibn Sina naye alikuwa ametoka Gorgan, alikokwenda kumtafuta Qabus akakuta ameshafungwa na kufa. Ukali wa Qabus ulilichosha jeshi lake, likamweka mwanawe Manuchihr badala yake, na yeye akafa ngomeni karibu mwaka 1012, kwa baridi, wanasema. Mnara wa kaburi lake wa matofali bado umesimama, zaidi ya mita hamsini.)

Turudi kwa Sayyida. Mahmud wa Ghazni, sultani kutoka Afghanistan ya leo aliyekuwa akimeza nchi baada ya nchi, alimtishia: atoe heshima kwa jina lake au aje amng'oe. Jibu lake, kama linavyosimuliwa, lilikuwa la mwanamke aliyeketi akafikiri. Alimwambia vita haina uhakika. Ukinishinda, utajisifu nini, kwamba umemshinda mjane? Na nikikushinda mimi, aibu hiyo utaipeleka wapi? Mahmud hakumgusa mpaka bibi alipokufa.

Shoga, kinachonikosesha usingizi ni nani aliyetuhifadhia kisa hiki. Ni Kaykavus, mjukuu wa Qabus, katika wasia aliomwandikia mwanawe Gilanshah mwaka 1082. Mume wa Sayyida ndiye aliyewakalia nchi yao! Angeweza kunyamaza, au kumpaka matope. Badala yake akamweka mbele ya mwanawe amsikilize.

Sayyida alikufa mwaka 1028. Askari wakamshinda Majd al-Dawla, naye akafanya jambo ambalo mama yake asingelifanya hata usingizini: akamwandikia Mahmud aje amsaidie. Mwaka 1029 Mahmud akaja, akamkamata. Inasimuliwa Mahmud alimwuliza kama amesoma Shahnama, utenzi wa wafalme wa Uajemi, na tarikh ya Tabari, kitabu cha historia. Akasema ndiyo. Hali yako si ya mtu aliyesoma, akaambiwa. Je, sataranji unacheza? Ndiyo. Umewahi kuona shaha akiingia nyumba ya shaha mwenzake? La. Basi nini kilichokutuma ujikabidhi kwa mwenye nguvu kuliko wewe?

Akapelekwa Khurasan.

Kijana wako anayecheza sataranji barazani, mwulize swali hilo kabla hujamsomea barua, kisha unieleze alivyojibu. Na ule mkeka ulioniahidi, usinitumie kwa basi, nitaufuata mwenyewe baada ya Idi.

Akupendaye,
Shoga yako